Tangawizi iko sokoni, lakini nani ataisafisha iwe dawa?

Tangu ugonjwa wa Covid-19 uliposambaa mwaka 2020, tangawizi imepata heshima mpya katika nyumba nyingi za mashariki mwa Kongo. Inachemshwa pamoja na ndimu, inasagwa na kitunguu saumu, inauzwa ndani ya chupa kandokando ya barabara, na kila muuzaji ana orodha yake ya magonjwa ambayo anasema inaponya. Wakati huohuo, mbali na hapa, mmea huohuo umeingia katika utafiti wa aina nyingine kabisa. Katika maabara za Marekani, China na India, watafiti hawashughuliki na maji yake ya kuchemsha. Wanatafuta vifuko vidogo sana vilivyomo ndani ya tangawizi, wakitumaini kwamba siku moja vitatumika kutibu utumbo na ini, ama kubeba dawa nyingine hadi mahali penye ugonjwa.

Habari hizo zimeanza kufika kwenye simu zikiwa zimegeuzwa kuwa matangazo. Jina la "eksozomu za mimea" linaandikwa juu ya krimu za uso na dawa za nywele zinazouzwa kwa bei kali kwenye mitandao. Ndiyo sababu inafaa kuangalia kazi yenyewe inavyofanyika. Swali gumu katika jambo hili haliko kwenye nguvu ya tangawizi. Liko kwenye usafishaji: namna ya kuvitoa vifuko hivyo kwenye mmea, kuvitenganisha na vitu vingine vyote, kisha kuonyesha kwa vipimo kwamba kilichobaki ndani ya chupa ndicho kinachosemwa. Na hapo ndipo inaonekana pia ni nani atapata faida, na nani atabaki kuuza mafungu ya tangawizi.

Kifuko hicho ni nini?

Seli za viumbe, ziwe za mtu, za panya ama za mmea, hutoa nje vifuko vyenye ngozi nyembamba ya mafuta. Ndani yake kunakuwa protini, vipande vya RNA na vitu vingine ambavyo seli inatuma kwa majirani zake ama inavitupa. Wanasayansi wanaviita vesikuli. Kwa upande wa mimea, watafiti wawili wa Marekani, Halperin na Jensen, walieleza mwaka 1967 kwamba waliona vifuko vya namna hiyo katika seli za karoti walizokuwa wakizikuza katika maabara. Kwa miaka mingi baadaye hakuna aliyevijali sana. Vilionekana kama jambo la wataalamu wa mimea peke yao.

Ukubwa wake unapimwa kwa nanometa. Unywele wa kichwa una upana wa nanometa karibu 80.000, vifuko vya tangawizi vinavyozungumziwa hapa vina nanometa zipatazo 230. Ili kuvuka upana wa unywele mmoja, inabidi kuvipanga zaidi ya 300.

Sababu ya watu wa dawa kuvipenda ni rahisi kueleza. Chanjo za Covid-19 za Pfizer na Moderna zilibeba ujumbe wake wa RNA ndani ya vifuko vya mafuta vilivyotengenezwa kiwandani, kwa sababu RNA ikiingia mwilini bila kufunikwa inaharibika haraka. Kutengeneza vifuko hivyo ni kazi ya gharama. Ikiwa mmea unaoliwa kila siku unavitengeneza wenyewe, na mwili wa mtu umeshauzoea, basi huenda kuna njia ya bei nafuu. Timu ya Profesa Huang-Ge Zhang wa Chuo Kikuu cha Louisville, Marekani, ilichapisha mwaka 2013 kazi iliyoonyesha kwamba mafuta ya vifuko vya balungi yanaweza kupangwa upya na kubeba dawa hadi ndani ya seli. Tangu hapo tunda baada ya tunda limepitishwa kwenye mashine: zabibu, ndimu, karoti, tangawizi.

Kutoka sokoni hadi kwenye mashine

Mfano unaotajwa sana ni wa Atlanta. Mwaka 2016, timu ya Profesa Didier Merlin wa Chuo Kikuu cha Georgia State ilichapisha matokeo ya kazi yake juu ya tangawizi. Walianza kama mama yeyote wa nyumbani: tangawizi mbichi ya sokoni, ikaoshwa, ikasagwa kwa mashine ya matunda, maji yake yakakamuliwa. Kutoka hapo njia zinaachana.

Maji hayo yaliwekwa ndani ya santrifuji, mashine inayozungusha chupa kwa kasi ili vitu vizito viende chini. Mzunguko wa kwanza si wa nguvu sana. Unatupa chini nyuzinyuzi na mabaki makubwa. Wa pili una nguvu zaidi, unaondoa vipande vya seli. Kila mara kinachokaa chini kinatupwa na maji ya juu yanaendelea. Halafu inakuja zamu ya santrifuji kubwa, yenye nguvu ya mara 150.000 kuliko ile inayovuta kitu chini hapa duniani. Chini ya nguvu hiyo, tone la gramu moja linakuwa kama lina uzito wa kilo 150, yaani magunia matatu ya kilo 50. Saa mbili za mzunguko huo zinatosha kuvilazimisha hata vifuko vile vidogo kushuka chini ya chupa. Safari hii maji ndiyo yanatupwa, na kile kidogo kilichoganda chini ndicho kinachohifadhiwa.

Kazi haijaisha. Kile kilichoganda bado ni mchanganyiko. Kinawekwa juu ya matabaka ya maji ya sukari, tabaka jepesi juu na zito chini, kisha kinarudishwa kwenye mashine. Kila kitu kinashuka mpaka kinapokutana na tabaka lenye uzito sawa na wake, na hapo kinasimama. Katika tangawizi ya Atlanta zilionekana alama tatu za weupe. Alama ya pili ndiyo iliyowavutia: ilikuwa na vifuko vingi vya ukubwa wa nanometa karibu 230, vyenye mafuta mengi, protini kidogo, RNA ndogondogo, pamoja na jinjeroli na shogaoli, vitu vinavyoifanya tangawizi iwe kali mdomoni.

Panya waliokuwa na uvimbe wa utumbo walinyweshwa vifuko hivyo. Uvimbe ulipungua, ngozi ya ndani ya utumbo ikapona haraka zaidi, na kansa inayofuata uvimbe wa muda mrefu ikapungua pia. Miaka miwili baadaye, timu ya Louisville ilionyesha kwamba vifuko vya tangawizi vinapendwa na bakteria wazuri wa tumboni wa aina ya Lactobacillus, na kwamba RNA ya tangawizi iliyo ndani yake inabadilisha namna bakteria hao wanavyofanya kazi. Kwa mtu ambaye bibi yake alimpa tangawizi alipoumwa tumbo, matokeo hayo yanafurahisha. Lakini panya hao hawakunywa chai. Walipewa sehemu moja tu ya tangawizi, iliyotolewa kwa saa nyingi za mashine na kupimwa kipimo chake kila siku.

Uchafu unaofanana na dawa

Hapa ndipo penye ugomvi, na ugomvi huo ni wa wanasayansi wenyewe.

Jambo la kwanza ni kusaga. Anayetaka kujua barua gani zinatoka katika nyumba fulani anaweza kusimama mlangoni na kuzihesabu. Anayebomoa nyumba nzima ataokota karatasi nyingi zaidi, lakini hawezi tena kusema ipi ilikuwa barua na ipi ilikuwa daftari la mtoto. Mashine ya matunda inabomoa nyumba. Seli zikipasuka, ngozi zake za ndani zinakatika vipande, na vipande vya mafuta ndani ya maji vina tabia ya kujikunja vyenyewe na kuwa vifuko. Kwa hiyo sehemu ya vile vifuko vya tangawizi inawezekana haikuwepo kabisa ndani ya mmea kabla ya kusagwa. Ndiyo maana mwaka 2021 wataalamu kadhaa wa fani hii walichapisha wito wa kutaka ukali zaidi katika kazi, na kwamba jina la eksozomu lisibandikwe ovyo juu ya kila kitu kinachotoka kwenye juisi.

Wapo wanaosimama mlangoni. Profesa Roger Innes wa Chuo Kikuu cha Indiana na mwenzake walionyesha mwaka 2017 namna ya kukusanya maji yaliyo katikati ya seli za majani bila kuyasaga: jani linanyonyeshwa maji kwa kuondolewa hewa, kisha linazungushwa polepole hadi maji hayo yatoke. Walitumia mmea mdogo uitwao Arabidopsis, ambao hauliwi na hautibu mtu, lakini unajulikana vizuri kuliko mimea mingi duniani. Mwaka uliofuata, timu ya Profesa Hailing Jin wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, ilieleza katika jarida la Science kwamba mmea huo unatuma RNA ndogo ndani ya vifuko ili kuumiza kuvu anayeushambulia. Ilikuwa habari kubwa: mmea unapiga adui kwa barua.

Lakini mwaka 2022 timu ya Innes ilirudi na matokeo mengine. Walipoyasafisha maji yaleyale kwa ukali zaidi, waliona kwamba RNA nyingi haikuwa ndani ya vifuko. Ilikuwa nje, imeshikana na protini, na ilikuwa inashuka pamoja na vifuko ndani ya mashine. Mmea ni ule ule. Kilichobadilika ni namna ya kusafisha, na jibu likabadilika. Mjadala huo ulihusu mmea uliochunguzwa kwa miaka mingi. Tangawizi na ndimu bado hazijachunguzwa kwa kiwango hicho.

Jambo la pili ni alama za utambulisho. Kwa vifuko vya seli za binadamu kuna protini zinazotumika kama karte ya utambulisho, kwa mfano zile ziitwazo CD63 na CD81. Mtafiti akizikuta, anajua anashika nini. Mimea haina hizo. Kwa Arabidopsis zimepatikana mbili tatu zinazosaidia, lakini kwa mimea mingi inayoliwa hakuna alama ambayo wote wamekubaliana. Shirika la kimataifa la watafiti wa vesikuli limetoa miongozo yake mwaka 2014, 2018, na tena ile inayoitwa ya 2023, ikitaka kila mtu aeleze wazi alivyokusanya, alivyosafisha na alivyopima. Anayefuata miongozo hiyo anaonyesha picha za mikroskopi ya elektroni, idadi ya vifuko, na uwiano kati ya vifuko na protini zinazoelea nje. Anayeuza krimu haonyeshi chochote.

Jambo la tatu linamhusu mgonjwa moja kwa moja. Tangawizi inaota ndani ya udongo, na udongo umejaa bakteria. Bakteria nao wanatoa vifuko vyao, na ukubwa wa vifuko hivyo unakaribia sana ule wa vifuko vya mmea. Santrifuji haiwezi kuuliza kifuko kimetoka kwa nani. Baadhi ya vifuko vya bakteria vina sumu inayoitwa endotoksini, ambayo ikiingia kwenye damu inaleta homa kali na inaweza hata kuangusha mtu. Ongeza hapo dawa za kuua wadudu shambani, madini mazito ya udongo, na pektini, ule utelezi wa matunda unaogandisha jamu, ambao unafunika vifuko na kudanganya vipimo. Kwa kitu cha kunywa, tumbo linastahimili mengi. Kwa kitu cha kudunga sindano, hakuna nafasi ya kosa hata dogo.

Na kuua vijidudu katika dawa ya namna hii si jambo rahisi. Kuchemsha kwa mvuke mkali, kama vyombo vya upasuaji, kunaweza kuharibu vifuko. Njia ya kawaida ya viwanda ni kupitisha maji kwenye chujio lenye matundu ya mikrometa 0,22, ambalo linazuia bakteria. Mikrometa 0,22 ni nanometa 220. Vifuko vya tangawizi vina nanometa karibu 230. Chujio linalozuia uchafu linazuia na dawa yenyewe, au linaikamua mpaka ipasuke. Wapo wanaochagua vifuko vidogo zaidi, wapo wanaofanya kazi yote ndani ya vyumba visivyo na vijidudu tangu mwanzo. Zote mbili zinaongeza gharama.

Watu bado hawajafikiwa

Majaribio kwa watu yapo, ila ni machache na madogo. Mwaka 2011 Louisville iliandikisha jaribio la kuona kama vifuko vya mimea vinaweza kubeba kurkumina, kitu cha njano kilicho ndani ya manjano, hadi kwenye utumbo mkubwa wa wagonjwa wa kansa. Lingine lilihusu vifuko vya zabibu kwa wagonjwa ambao midomo yao imejaa vidonda kwa sababu ya matibabu ya miali. Zaidi ya miaka kumi baadaye, hakuna dawa yoyote ya vifuko vya mimea iliyopewa ruhusa ya kuuzwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. Mwezi Desemba 2019 mamlaka hiyo ilitoa onyo kwa umma kuhusu bidhaa zinazoitwa za eksozomu, baada ya wagonjwa wa jimbo la Nebraska kupata madhara makubwa kutokana na bidhaa za namna hiyo. Hizo zilitoka kwenye chembe za binadamu, si za mimea, lakini ujumbe ulikuwa wazi: jina zuri la kisayansi halithibitishi kilicho ndani ya chupa.

Mtu akiuliza kwa nini inachukua muda mrefu, jibu linapatikana Bukavu. Magamba ya mkinkina yalikuwa yanatumika kutibu homa muda mrefu kabla ya mwaka 1820, wakati Pelletier na Caventou, wafamasia wawili wa Paris, walipotoa kinini ndani yake. Kuanzia siku hiyo daktari hakuhitaji tena kukisia. Kinini ni kitu kimoja, kina umbo moja, kinapimwa kwa miligramu, na kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimekitoa kwenye magamba yaliyokuzwa Kivu kwa miongo mingi. Kifuko cha tangawizi si kitu kimoja. Ni mfuko wenye mamia ya vitu, na mfuko wa tangawizi changa unaweza kutofautiana na wa tangawizi iliyokomaa, wa shamba hili na wa shamba lile. Mamlaka ya dawa inamwuliza mtengenezaji: kidonge cha leo ni sawa na cha mwezi jana? Kwa kinini jibu ni mstari mmoja kwenye karatasi ya maabara. Kwa vifuko, bado hakuna anayejua kuliandika vizuri jibu hilo.

Kuna pia historia ya artemizia, ambayo wakaaji wa Maniema na Kivu wanaijua kwa sababu ya chai yake. Mchina Tu Youyou, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015, alipambana na mmea huo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kilichokuwa kinamkwamisha ni namna ya kutoa dawa. Joto la kuchemsha lilikuwa linaiharibu. Alipotumia etha, inayochemka kwenye joto dogo, dawa ikatoka ikiwa nzima. Mmea ulikuwa ule ule uliotajwa na vitabu vya Kichina kwa karne nyingi. Leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa zinazotengenezwa kutokana na artemisinina hiyo, lakini mwaka 2019 lilisema haliungi mkono chai ama unga wa majani, kwa sababu kiasi cha dawa ndani yake hakina uhakika na mgonjwa anaweza kupewa kidogo kuliko kinachohitajika. Wengi huku walikasirika, wakiona kwamba wazungu wanawazuia kutumia jani lao. Hasira hiyo inaeleweka. Lakini mtoto mwenye malaria anayepewa nusu ya dawa anakufa vilevile, jani liwe la nani.

Mashine ya bei ya nyumba

Santrifuji yenye nguvu inayotumika kwa kazi hii inagharimu makumi ya maelfu ya dola, bila kuhesabu vipuri, fundi wa kuipima kila mwaka na umeme usiokatika. Vifuko vikishapatikana vinahifadhiwa kwa kawaida kwenye baridi ya digri 80 chini ya sifuri. Hata kwa nchi tajiri njia hii haifai kwa kiwanda, kwa kuwa mashine moja inapokea maji kidogo kwa wakati mmoja. Viwanda vinaelekea zaidi kwenye kuchuja kwa mkondo, ambapo maji yanapita kandokando ya chujio badala ya kulisukuma moja kwa moja, na kwenye mirija iliyojazwa chembe za jeli, ambayo inawacheleweshea njia wadogo na kuwaacha wakubwa watangulie.

Njia inayopaswa kuangaliwa kwa makini na maabara maskini imetoka India. Mwaka 2020 watafiti wa huko walichapisha namna ya kupata vifuko vya tangawizi bila santrifuji kubwa. Baada ya kuondoa mabaki kwa mashine ya kawaida, wanatia ndani ya maji kitu kinachoitwa polietileni glikoli, kwa kifupi PEG, ambacho hata dawa za kulainisha choo kigumu zinatengenezwa nacho. PEG inachukua nafasi ya maji, vifuko vinakosa pa kuelea na vinakusanyika vyenyewe, kisha mashine ndogo inatosha kuvishusha. Walisema walipata sehemu kubwa ya vifuko ambavyo santrifuji kubwa ingewapa. Ubaya wake ni kwamba PEG inashusha na protini nyingi pamoja na vifuko, na yenyewe inabaki ndani. Kwa hiyo usafi unakuwa mdogo zaidi, na kazi ya kusafisha inasogezwa mbele tu. Lakini kwa kujifunza, kwa kupima, kwa kuanza, inatosha.

Hapo ndipo Kivu inaingia, na inafaa kusema kwanza kile ambacho haina. Tangawizi si ya Kongo; asili yake ni Asia. Mkinkina nao uliletwa kutoka milima ya Amerika ya Kusini. RDC ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, inayotaka faida ya mimea igawanywe na nchi ilikotoka, na mwezi Mei 2024 nchi za dunia zilikubaliana mjini Geneva mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza kutaja asili ya mmea na ya ujuzi wa kienyeji aliotumia. Sheria hizo zinaweza kulinda mimea ya misitu ya Kahuzi-Biega ama Itombwe ambayo haipatikani kwingine. Kwa tangawizi hazisaidii kitu. Hataza za vifuko hazidai tangawizi. Zinadai namna ya kuvitumia na dawa zinazobebwa ndani yake. Louisville iliomba hataza zake zamani. Mwenye ujuzi wa kusafisha ndiye mwenye mali.

Jambo hilo si geni huku. Dawa ya Ebola iitwayo Ebanga ilitokana na damu ya mtu aliyepona ugonjwa huo Kikwit mwaka 1995, kwa kazi ya pamoja kati ya watafiti wa Marekani na INRB ya Profesa Jean-Jacques Muyembe. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa mashariki mwa Kongo kuanzia mwaka 2018, na FDA iliikubali Desemba 2020. Damu ilikuwa ya Mkongomani, wagonjwa walikuwa Wakongomani, lakini leseni ya kuitengeneza ilikwenda kwa kampuni ya Miami. Kongo ilipata heshima, na watu waliookolewa si jambo dogo. Kiwanda hakikuja.

Kivu haianzi kutoka sifuri. Kituo cha utafiti cha Lwiro, katika wilaya ya Kabare, kilichoanzishwa na Wabelgiji kwa jina la IRSAC mwaka 1947, kimekusanya ujuzi wa mimea kwa zaidi ya miaka 70, ingawa wafanyakazi wake wamefanya kazi kwa muda mrefu bila vifaa vinavyostahili. Kuna vyuo vikuu vyenye vitivo vya famasi na kilimo. Kuna wafamasia waliojifunza kutoa kinini. Mwezi Februari 2020 INRB ilifungua maabara mpya Goma. Lakini mwezi Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini humo, Shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa lilitoa wito wa wazi ili maabara hiyo ilindwe na umeme wake usikatike, kwa kuwa ndani yake kulikuwa na sampuli za magonjwa hatari, Ebola ikiwemo. Baridi ya digri 80 chini ya sifuri inategemea jenereta, jenereta inategemea mafuta, na mafuta yanategemea barabara.

Katika hali hiyo, kuota kiwanda cha vifuko Bukavu mwaka ujao ni kujidanganya. Kilicho karibu ni kidogo zaidi: mashine ya kawaida, PEG, wanafunzi wawili watatu wa famasi, na daftari linaloandika tangawizi imetoka shamba gani, imevunwa tarehe gani, imeoshwa kwa maji gani. Taarifa hizo za shamba ni kitu ambacho mtafiti wa Atlanta anayenunua sokoni ni vigumu kukipata, na zinahitajika sana sasa ambapo kila mtu anauliza kwa nini kifuko cha leo si sawa na cha jana. Vipimo vikubwa, kama picha za elektroni na hesabu ya vifuko, itabidi vifanywe nje ya nchi. Hapo ndipo panahitaji karatasi kabla ya sampuli: makubaliano yaliyosainiwa yanayosema jina la nani litaandikwa juu ya kazi, nani anashika matokeo, na nini kitatokea ikiwa kitu cha kuuzwa kitapatikana. Mfuko mdogo wa sampuli unavuka daraja la Ruzizi kwa dakika chache. Makubaliano ya namna hiyo yanachukua miezi, na kwa sampuli nyingi zilizokwisha kuondoka mashariki mwa Kongo, hayakuandikwa.